Kati ya Mlio wa Kwanza na wa Pili

Romaine Hoch alitoka kwenda kuchukua dawa ya kuchua, akarudi na ruhusa ya kumtesa mtu. Hakuiomba ruhusa hiyo, lakini alipopewa hakuikataa.

Ilikuwa Ijumaa, siku moja baada ya sikukuu ya Shukrani, mwaka wa tisini na sita. Saa kumi na robo jioni jua la Pennsylvania lilikuwa limeshauegemea mlima. Wanaume wa bonde la Kohlbach walikuwa wamepanda huko juu na bunduki zao kungoja msimu wa kulungu ufunguliwe Jumatatu, na Glenn, mume wa Romaine, alikuwa pamoja nao kwenye kibanda kisicho na simu. Alimwacha mkewe na mtoto mgonjwa. Usimshangae. Mwanamume wa bonde lile yuko radhi akose mazishi ya mama mkwe kuliko akose siku ya kwanza ya kulungu.

Mtoto aliitwa Kendra, wa miaka sita, na hawakuwa na mwingine. Tangu Septemba alikuwa akipukutika. Hospitali ya mjini walimtoboa sindano, wakampiga picha, wakampima kila kinachopimika, kisha daktari akasema hana ugonjwa. Hana ugonjwa, na mbavu zinahesabika! Hana ugonjwa, na kila asubuhi mto wake una nywele za kujaza kiganja! Romaine alikuwa ameacha kulia. Alikuwa amefika pale ambapo mtu hatafuti tena dawa, anatafuta wa kumlaumu.

Basi alipotoka kazini akapitia kwa mzee Wilmer Bohn. Mzee huyu alikuwa mfugaji wa ng'ombe aliyestaafu, mtu wa kanisani, aliyewaombea wagonjwa jikoni kwake kwa maneno ya zamani yasiyosemwa mbele za watu. Bonde zima lilikwenda kwake, na bonde zima lilikana. Jikoni kulinuka kafuri na mafuta ya nguruwe. Wilmer alimpa kichupa cha dawa, akakishikilia kidogo kabla ya kukiachia.

"Hii haitamsaidia," alinong'ona. "Mtoto wako hana ugonjwa. Ana mtu."

"Mtu gani?"

"Mimi sitaji watu. Atajitaja mwenyewe. Nimeshamfunga, pale ulipokuwa unavua koti. Sasa atabanwa... atatafuta kitu cha kwako. Punje ya chumvi, kiberiti, sindano, chochote. Wa kwanza kuja kuazima, ndiye."

"Nikimnyima?"

"Yatamrudia mwenyewe. Siku tatu, mama. Leo, kesho, na keshokutwa mpaka jua lizame kabisa. Usimpe kitu. Wala mtu wa damu yako asimpe kitu. Akipata hata uzi, fundo linafunguka, na mtoto..."

Hakumalizia. Alimsindikiza mpaka mlangoni, akatazama barabara huku na huku.

"Tena siku hizi hawaji kubisha hodi," alisema. "Wanapiga simu."

Hapo Romaine akapata moyo. Kama ni simu, basi mchawi ameingia pabaya. Yeye alikuwa karani wa kampuni ndogo ya simu ya bonde, na kazi yake ilikuwa ni majina.

Nyumbani alimkuta mama yake, Beulah Reppert, amekaa karibu na kochi la Kendra anafuma soksi. Beulah alikaa nyumba ya tatu kutoka pale. Romaine alimvuta jikoni, akamweleza yote kwa sauti ya chini.

"Usimwazime mtu kitu, Mama. Hata kijiko. Mpaka Jumapili magharibi."

"Hata Arlene?"

"Hata Arlene. Hata mchungaji."

"Haya. Mimi nimeelewa," Beulah alisema, na kweli alielewa, maana mama yake mwenyewe aliwahi kufungiwa mchawi namna hiyo mwaka wa thelathini na mbili. Akavaa koti lake akaenda zake.

Simu ililia saa kumi na moja kasoro.

Romaine hakuigusa. Alisimama juu ya kile kisanduku kidogo cheupe cha kuonyesha jina la anayepiga, kilichokaa pembeni ya simu, akakitazama kidirisha chake. Mlio wa kwanza. Kidirisha kitupu. Kisha ule ukimya... na kabla ya mlio wa pili, herufi zikaingia.

MOLL SALLIE.

Sallie Moll! Mjane wa miaka sabini na minane aliyekaa ng'ambo ya kijito, aliyemfundisha Romaine kusoma Zaburi, na ambaye kila Jumapili alimtilia Kendra peremende mfukoni. Peremende! Kikulacho ki nguoni mwako, nawe unakifungia vifungo kwa mkono wako mwenyewe.

"Romaine, mwanangu," sauti ya Sallie ikaja, imechangamka kama kawaida. "Nimeishiwa siki ya achari, na mayai yangu yako kwenye bitiruti tayari. Niazime kikombe kimoja, nitakurudishia kesho."

"Sina."

"Huna? Si ile chupa kubwa iliyo juu ya friji? Niliiona Jumanne."

"Nimesema sina, Bibi Sallie."

"Haya, mama. Hamna neno. Kendra naye anaendeleaje?"

"Usimtaje!" Romaine alifoka, akakata.

Ukweli usemwe, haikuwa hofu iliyomfokesha. Ilikuwa furaha, ile ya mtu aliyetafuta nyoka miezi mitatu akamwona mkia. Lakini alipomlaza Kendra, wazo baya likamjia. Mtu wa damu yako asimpe kitu, Wilmer alisema. Na nusu ya bonde walikuwa akina Reppert, damu yake. Sallie akimpigia Arlene, huyo binamu yake mwenye mkono wazi, atapelekewa siki ndoo nzima na keki juu yake.

Usiku ule Romaine hakulala. Asubuhi alimwita mama yake amkalie mtoto, akachukua funguo za ofisi.

Jumamosi ofisi ilikuwa imefungwa na meneja yuko mlimani na wenzake. Mtambo wa kuunganisha simu ulikuwa chumba cha nyuma, unanguruma peke yake. Romaine akaketi mbele ya kompyuta.

Watu wengi hudhani jina la anayepiga husafiri pamoja na simu, kama jina la mtumaji kwenye bahasha. Sivyo. Simu husafiri na namba tu. Ikifika kwenye mtambo wa upande unaopokea, inalia mara moja. Kisha, katika ule ukimya mfupi kabla haijalia tena, mtambo unaiuliza orodha: namba hii ni ya nani? Orodha inajibu kwa herufi zisizozidi kumi na tano, na jina linatokea kwenye kidirisha. Anayepokea kwa haraka halioni. Yaani jina lako kwenye simu halitoki kwako hata kidogo. Linatoka kwa aliyeshika orodha ya huko unakopiga. Na orodha ya Kohlbach, majina elfu mbili na ushee, ilishikwa na Romaine Hoch.

Akafungua mstari wa Sallie Moll, akalifuta jina lake.

Kwanza akaandika MCHAWI. Akalitazama. Lilimpendeza kweli. Lakini meneja angeliona, tena akina Reppert anavyowajua, wangeipokea simu hiyo mbio ili wasikie mchawi anasemaje. Akalifuta. Akaandika neno ambalo mtu yeyote wa bondeni akiliona, anarudi kwenye sahani yake.

HAIJULIKANI.

Ndivyo visanduku vilivyosema wauzaji wa madirisha na wa bima walipopiga kutoka mbali, ambako orodha ilikuwa haifiki. Akaweka na alama ya kuificha namba. Kompyuta ikauliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika.

Alipoondoa kidole, mtambo wa chumba cha nyuma ulinyamaza.

Sekunde moja, labda mbili. Ulikuwa haujawahi kunyamaza tangu uletwe. Kisha ukaendelea kunguruma. Romaine akazima taa, akafunga mlango, akaenda zake.

Saa tano hivi, simu ya nyumbani kwake ikalia. Kidirisha kikasema HAIJULIKANI. Akavuta kiti, akakaa mbele yake na kikombe cha kahawa, akahesabu milio. Ishirini na miwili. Ikanyamaza, ikaanza tena. Ishirini na miwili. Kupitia dirishani aliweza kuiona nyumba ya Sallie ng'ambo ya kijito, na taa ya jikoni inawaka mchana kweupe.

Saa sita Kendra aliomba mkate.

Aliomba mwenyewe! Akaula mpaka kipande cha mwisho, na siagi ikamganda kidevuni. Romaine alipiga magoti pale sakafuni akalia, akamshukuru Mungu, na kwa pumzi hiyohiyo akaomba yule mwanamke abanwe zaidi. Simu ilikuwa bado inalia. Kendra akauliza kwa nini hawaipokei.

"Ni wauzaji, kipenzi," mama yake akasema. "Kula."

Jumapili baada ya ibada, watu walishuka chini ya kanisa kunywa kahawa. Hapo kila mtu alikuwa na hadithi ileile.

"Mimi kanipigia mara tisa!" Arlene alisema, mkono kiunoni. "Mara tisa nakaanga viazi! Nikamwambia Lester wangu, huyu muuza madirisha atakufa na njaa maskini."

"Kwangu kaanza saa nne na nusu asubuhi," akadakia mwingine. "Mpaka mbwa akawa anaitikia."

"Na hukupokea?"

"Thubutu! Ukimpokea mmoja wanakuja kumi."

"Jana jioni alinyamaza, nikasema afadhali. Usiku kaanza tena. Lakini usiku..." Arlene akasita, akakuna shingo. "Usiku ilikuwa inalia mara moja tu. Mlio mmoja, kimya. Mlio mmoja, kimya. Kama mtu anachungulia."

Wakacheka, na Romaine akacheka kuliko wote. Ndipo Mchungaji Ruppel akapita na sahani yake.

"Jamani, Bibi Sallie yuko wapi leo? Kiti chake sijawahi kukiona kitupu."

Ilikuwa nafasi. Mtu mwenye chembe ya huruma angenyamaza tu, wengine wakaenda kumwangalia. Romaine alikata kipande cha andazi la tufaha, akakitia kinywani.

"Amekwenda Ohio kwa mwanawe," alisema huku anatafuna. "Aliniaga mwenyewe juzi."

Akarudi nyumbani kwa njia ya darajani ili apate kuiona ile nyumba. Taa ya jikoni ilikuwa ingali inawaka. Paka wa Sallie alikuwa barazani anaparura mlango kutoka nje, na Romaine akapunguza mwendo. Vioo vya gari vilikuwa vimefungwa, lakini harufu ikaingia.

Siki.

Kali, ya kuwasha pua. Akakanyaga mafuta.

Saa kumi na dakika kumi jioni, jua lilikuwa limebakiza mkono mmoja juu ya mlima. Beulah alikuwa ameshakwenda kwake kulisha kuku. Kendra aliketi kwenye kochi, ameegemea mito, anakunywa supu ya kuku kwa kijiko chake mwenyewe. Mashavu yalikuwa yameanza kurudiwa na rangi. Romaine alimtazama na kujiona ameshinda. Bado nusu saa tu.

Simu ikalia.

HAIJULIKANI.

Ikakatika. Ikalia mara moja. Ikakatika. Mara moja... kimya. Mara moja... kimya. Romaine hakuwa na sababu ya kupokea, na hili alilijua. Alipokea kwa sababu alitaka kumsikia anavyoumia. Aliunyakua mkonga wa simu na kuubana sikioni.

Hakusikia pumzi. Alisikia kitu kama maji yanayovuja polepole kwenye sakafu ya mbao.

"Romaine..."

Sauti ilikuwa ya Sallie, na haikuwa. Ilikuwa imemlegea msemaji, kama gauni la kuazima.

"Hawapokei, Romaine. Nimezunguka bonde zima. Nalia mara moja... wananitazama... wanaondoka."

"Nani atapokea kisicho na jina?" Romaine alinong'ona, Kendra asisikie.

"Ulilichukua wewe."

"Nimelichukua. Na sikurudishii ng'o! Mwanangu anakula sasa. Unasikia hicho kijiko? Anakula! Wewe jikojolee huko na siki yako."

Maji yakavuja. Tone. Tone.

"Basi niazime lingine," sauti ikasema, taratibu sana. "Lolote lile. Nipokewe mara moja tu."

Romaine akacheka. Miezi mitatu hakuwa amecheka hivyo, na kicheko kilikuwa kitamu, kilimtoka tumboni.

"Majina ninayo elfu mbili, bibi. Chukua ulipendalo."

Akakata.

Alikuwa amefika katikati ya sebule kicheko kilipomkauka. Niazime, alisema. Chukua, nikasema. Akakimbilia dirishani. Juu ya mlima kulikuwa kumebaki kipande cha jua chembamba kama ukucha. Akasimama akikitazama mpaka kikazama, akijiambia kwamba jina si chumvi, jina si kiberiti, ulikuwa mzaha tu, tena kwa simu. Mzaha hauhesabiwi. Akavuta pazia.

"Maliza supu yako," alisema, akageuka, "maliza, ..."

Jina halikuja.

Uchovu, akajiambia. Siku tatu bila usingizi. Mtoto alikuwa pale kwenye kochi, kijiko mkononi, anamtazama. Uso ule ule. Pengo lile la jino la mbele. Alimzaa yeye, alimpa jina yeye, walibishana na Glenn wiki mbili juu ya jina lenyewe. Linaanza na...

Simu ikalia. Mlio wa kwanza. Kisha REPPERT BEULAH, na Romaine akaudaka mkonga.

"Umesikia ya Sallie?" Mama yake alikuwa anahema. "Mchungaji alimpigia mwanawe huko Ohio, mwana akasema mama hajafika wala hakuwa na safari. Wakaenda wakavunja mlango. Kaanguka jikoni, Romaine. Nyonga imevunjika. Mkonga wa simu kaukumbatia kifuani."

"Amekufa?"

"Amekufa tangu jana. Jana mchana, wanasema. Amekauka kabisa."

Romaine akaketi kwenye kiti taratibu.

"Jana? Mama, una hakika ni jana?"

"Ndivyo alivyosema mtu wa gari la wagonjwa. Alikuwa akipiga simu, maskini, kumwita mtu amwinue."

Utauliza kwa nini hakupiga namba ya dharura. Hapo ni kwa kuwa huwajui wazee wa Kohlbach. Namba ya dharura ni ya ghala linaloungua. Ukianguka jikoni unampigia jirani, na asipopokea unampigia mwingine, na mwingine, maana hutaki magari ya taa nyekundu yaje kuutangazia ulimwengu kwamba umelala chini na gauni limepanda. Sallie aliwaamini majirani zake. Aliwapigia wote kwa zamu mpaka mchana, na usiku kuna kitu kingine kiliendelea kupiga badala yake.

"Lakini sikukupigia kwa hilo," Beulah alisema, na sauti yake ikawa na tabasamu. "Nimepiga kukwambia mtoto amenifurahisha. Amejifunza lini kupiga simu? Jina lake limetokea kwenye kisanduku changu, zima zima, nikasema ala! Nikapokea upesi."

"Jina la nani?"

"La mtoto."

"Mama. Jina la nani limetokea?"

"Si la mtoto wako! La..." Beulah akasita. "La yule... Ngoja. Si nilikuwa nalo sasa hivi ulimini?"

Mtoto alikuwa hajaondoka kwenye kochi mchana kutwa.

"Alikwambia nini, Mama?"

"Kitu cha kitoto tu. Alisema, 'Nyanya, nimelisahau jina langu, niazime.' Nikacheka. Nikamtajia lote, matatu yote, la kwake, la ubatizo na la ukoo. Akasema rudia. Nikarudia. Akasema mara ya tatu. Nikamtajia mara ya tatu, kwa nini nisimtajie, jina lake mwenyewe? Sikuhesabu kama ni kuazima. Akasema ahsante, akakata. Romaine, mbona silikumbuki?"

Romaine aliuangusha mkonga mezani. Kwenye mlango wa friji palikuwa na mchoro wa farasi uliotiwa sahihi kwa krayoni. Aliutazama, akaona herufi, na herufi zikawa mikwaruzo. Ukutani kulikuwa na cheti cha ubatizo ndani ya fremu. Alikiondoa, akakisogeza kwenye taa. Tarehe ilisomeka. Jina lake na la Glenn yalisomeka. Kati ya hayo palikuwa na weupe. Akapasua kioo cha fremu kwa kiwiko ili aone kwa karibu, akajikata, na karatasi ikaloa damu na bado palikuwa peupe.

"Mama, sitaki tena supu," mtoto akasema nyuma yake. Kijiko kikaanguka.

Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Ile damu iliyorudi mashavuni jana na leo ilikuwa inaondoka mbele ya macho ya Romaine, upesi, kama maji yanavyoondoka kwenye karo. Romaine akaurudisha mkonga sikioni, akakata, akampigia Wilmer Bohn kwa vidole vinavyoteleza damu.

"Nimemwazima," alisema tu. "Bwana Wilmer, nimemwazima jina. Nilimfutia lake, akaniomba jingine."

"Ulimfutia nani?" mzee aliuliza.

"Sallie Moll. Mchawi."

"Sallie?" Wilmer akashusha pumzi. "Sijui kama Sallie alikuwa mchawi. Labda. Labda aliishiwa siki tu. Mimi nilikwambia umnyime, mama. Sikukwambia umvue jina. Binadamu ukimvua jina akafa hivyo, pale alipokuwa panabaki wazi, na anayeingia hapo... huyo simjui. Hakufungwa na mimi."

"Mwombee mtoto! Mwombee sasa hivi, kwa simu, nakusihi!"

"Naweza. Kwa mbali inawezekana. Lakini maombi haya hushikwa na jina, lazima nilitaje lote mara tatu. Mtoto namjua tangu azaliwe, na hapa nilipo nikitaka kumtaja... Niambie wewe. Wewe ni mama yake. Anaitwa nani?"

Romaine alijaribu. Alianza na A, akaenda herufi moja baada ya nyingine kwa sauti, kama mtoto wa chekechea. Alitaja majina yote aliyowahi kuyaandika kwenye orodha, ya wasichana wa bonde zima, akimtazama mtoto usoni kila anapotaja kuona kama kope litacheza. Wilmer akangoja. Kisha laini ikakatika, mkonga ukabaki na mlio mtupu.

Mtoto aliinua kichwa, akageukia dirisha lililoelekea kijitoni.

"Mama, kuna mtu ananiita."

"Hakuna mtu! Nitazame mimi. Nani anakuita?"

"Bibi Sallie." Alikuwa anasikiliza, ameinamisha kichwa upande mmoja, na alionekana kupata raha. "Analijua jina langu."

Harufu ya siki ilikuwa imejaa chumba. Mtoto akateremsha miguu, ile miguu ambayo haikuwa imesimama tangu Novemba ianze, akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Romaine akamrukia, akamkamata kwa mikono miwili, akamkumbatia kwa nguvu zote kifuani. Mwili ulikuwa mwepesi mno, na ulizidi kuwa mwepesi. Akamwita mwanangu. Akamwita kipenzi, mama, malaika wangu, roho yangu, majina yote ambayo kila mama humwitia kila mtoto, akayapiga kelele mpaka sauti ikamkatika.

Mtoto hakugeuka.